Tupa ndani ya mkate: Kina cha ‘-ya’ katika Utendi wa Fumo Liyongo

Miaka kadhaa iliyopita, nikiwa mwalimu wa Kiswahili katika shule moja ya upili, niliandika ubaoni jibu ambalo kila mtahiniwa wa KCSE amelikariri: huu ni utenzi, kila ubeti una mishororo minne, kila mshororo una kipande kimoja, mizani ni 8, vina vya mishororo mitatu ya kwanza vinafanana, na kina cha mshororo wa nne kinatiririka kutoka ubeti wa kwanza hadi wa mwisho. Wanafunzi wakanakili kimya. Msichana mmoja wa viti vya nyuma akainua mkono, akauliza: “Sasa mwalimu, hayo yote ni ya nini?”

Nikamjibu chapuchapu: “Ni ya alama.” Darasa likaangua kicheko. Yeye hakucheka.

Jibu lile limenikwama kooni hadi leo. Lilikuwa la kweli, kwa maana alama alizipata, lakini lilikuwa la uvivu. Nilimfundisha kuhesabu mbao za jahazi bila kumwambia jahazi linakwenda wapi. Makala haya ni deni ninalolilipa, ijapokuwa nimechelewa, na nitalilipa kwa kutumia shairi moja tu: Utendi wa Fumo Liyongo, uliotungwa mwaka wa 1913 na Muhammad bin Abubakar Kijumwa wa Lamu. Kijumwa alikuwa mshairi, mnakili wa miswada, mchonga milango na mpiga ala. Ni mtu aliyejua kwa mikono yake kwamba kipimo si urembo. Mlango ukipimwa vibaya haufungi.

Hoja yangu ni hii: katika utendi huu, mizani, vina na takriri ndivyo vinavyobeba maana kuu ya kisa. Anayevihesabu na kuviacha hapo amekosa nusu ya hadithi.

Kisa kwa ufupi

Kwa msomaji ambaye hajakutana na Liyongo, ama alikutana naye zamani akamsahau, nikumbushe kisa. Liyongo ni jabali la mtu, mshairi na mpiga mishale hodari wa upande wa Shaka na Ozi, karibu na mahali Mto Tana unapoingia baharini. Sifa zake zinamtisha mfalme wa Pate, anayeogopa kunyang'anywa ufalme. Basi anategewa mitego mitatu.

Mtego wa kwanza ni wa chakula. Wawindaji wa msituni wanatumwa wajifanye marafiki zake, wale kikoa cha makoma: kila siku mmoja apande mkoma awaangushie wenzake. Siku ya Liyongo ikifika, apigwe mishale akiwa juu. Liyongo hapandi. Anayaangua makoma kwa mishale, na wenye hila wanabaki kutazamana.

Mtego wa pili ni wa ngoma. Anaalikwa Pate kwenye shangwe, anakamatwa, anatiwa gerezani kwa minyororo. Mama yake anampelekea chakula kupitia kijakazi aitwaye Saada. Walinzi wanakula kilicho kizuri na kumwachia kilicho duni. Liyongo anamtuma Saada kwa mama: apike mkate wa wishwa, atie tupa ndani yake. Walinzi wanaudharau mkate wa wishwa, wanampa mwenyewe. Kabla ya kuuawa anaomba achezewe gungu, na ngoma inaporindima, yeye anakereza minyororo. Kelele za ngoma zinaifunika sauti ya tupa. Anatoka.

Mtego wa tatu ni wa damu. Mwanawe anaahidiwa makuu, anakwenda kumdadisi baba ni kitu gani kinachoweza kumuua. Baba anashuku, na bado anamwambia: sindano ya shaba, kitovuni. Mwana anamchoma akiwa amelala. Liyongo anaamka, anashika uta, anakwenda hadi kisimani na kupiga goti huku mshale ukiwa tayari, na kufa katika hali hiyo. Watu wa mji wanaogopa kuteka maji wakidhani yu hai. Mama yake anakwenda kumsihi mara kwa mara, hadi mwili unapoanguka. Mwana naye, zawadi aliyoahidiwa haipati.

Kisa hiki kimesimuliwa kwa njia nyingi. Edward Steere alikichapisha kwa nathari mwaka wa 1870 katika mkusanyiko wake wa hadithi za Kiswahili, na Lamu kinasimuliwa hadi leo. Swali langu ni: utendi unafanya nini ambacho masimulizi ya nathari hayafanyi?

Mizani: mwendo usiostuka

Hebu tuanze na mizani. Sitanukuu utendi wenyewe. Nitatunga beti mbili za kawaida kabisa, za mtu aliyekwenda sokoni, ili tuone mtambo unavyofanya kazi.

Asubuhi nikatoka
sokoni nikazunguka
mkate nikautaka
mama kumnunuliya.

Njiani nikamuona
jirani yetu Amina
tukacheka tukanena
nusu nikamkatiya.

Hesabu kwa vidole: A-su-bu-hi-ni-ka-to-ka, 8. M-ka-te-ni-ka-u-ta-ka, 8, kwa sababu ile ‘m’ inasimama peke yake kama silabi. Mishororo minne mara 8, mizani 32 kwa ubeti. Hakuna mahali pa kutanua mkono. Tukio lolote litakaloingia humu, dogo au kubwa, litapewa nafasi ile ile.

Hapo ndipo penye siri ya kwanza. Mwandishi wa nathari akifika kwenye mauaji, anaweza kurefusha sentensi, kuikatakata, kuvuta pumzi. Utendi hauna ruhusa hiyo. Liyongo anapoangua makoma, mwendo ni mizani 8. Saada anapobeba mkate, mwendo ni mizani 8. Mwana anapoichukua sindano, mwendo ni ule ule, mizani 8, wala hauruki wala hausiti. Msikilizaji hapewi ishara yoyote kwamba sasa roho inatoka.

Tukumbuke kwamba utendi ulikuwa ukighaniwa kwa sauti mbele ya watu, hausomwi kwa macho kimya kimya kama tunavyosoma gazeti. Baada ya beti 50, sikio limeshaizoea ile midundo 8 kama mtu anavyozoea mawimbi. Linastarehe. Linajua pumzi itaishia wapi. Na ni katika starehe hiyo ndipo mambo mabaya yanapopita.

Sasa warudie walinzi wa gereza. Kila siku Saada anakuja na chakula. Kila siku wanakichagua, wanachukua kizuri. Wamezoea. Siku moja mkate wa wishwa una tupa ndani, nao hawaukagui, kwa sababu ni mkate ule ule wa jana. Mazoea yamewapofusha. Kumbe sisi wasikilizaji tuko katika hali ile ile ya walinzi! Kipimo kisichobadilika kinatulaza, halafu kinatupitishia sindano. Na ile ngoma ya gungu inayofunika sauti ya tupa ni kama mizani yenyewe: mdundo ulio juu, kazi ya siri iliyo chini.

Sidai kwamba Kijumwa alikaa akapanga fumbo hilo kwa makusudi. Mizani 8 aliirithi. Tendi zilikuwa zikitungwa hivyo Pate na Lamu muda mrefu kabla yake. Ninachosema ni kwamba kisa hiki na kipimo hiki vimekutana vikafaana kama kufuli na ufunguo, na msomaji ana haki ya kuligundua hilo hata kama mtunzi hakuliandika pembeni.

Kina: ‘-a’ ama ‘-ya’?

Nikiwauliza wanafunzi kina kinachotiririka katika utendi huu ni kipi, wengi hujibu: ‘-a’. Wanakosea, na kosa lenyewe si lao. Limesababishwa na tahajia yetu ya leo. Kina ni ‘-ya’. Kwa tahajia sanifu tunaandika “kumwambia” na “kungojea”, hivyo ile ‘y’ haionekani. Lakini Kijumwa aliandika kwa hati za Kiarabu, na katika hati hizo ‘ya’ ni herufi kamili. Jicho liliiona na sikio likaisikia.

Halafu kuna suala la lahaja. Huu ni utendi wa Kiamu. Katika Kiamu, “kuja” ni “kuya”, “moja” ni “moya”, “kungoja” ni “kungoya”. Mwanafunzi akikutana na “kuya” mwishoni mwa ubeti, mara moja anaandika: “Mshairi ametumia tabdila ili kupata urari wa vina.” Na akikutana na “kawa” badala ya “akawa”, anaandika: “inksari”. Tunampa alama. Tunamtunuku kwa kumsingizia mshairi. Kijumwa hakuboronga wala kufinyanga lugha yoyote hapo. Alisema kama walivyosema watu wa mtaa wake, na kule kudondosha kiambishi ‘a-’ mbele ya ‘-ka-’ ni desturi ya lugha ya tendi za kaskazini. Idhini ya mshairi ipo, lakini kabla ya kumpa mtu idhini, tujue kwanza kama aliihitaji.

Ukishakubali kwamba kina ni ‘-ya’, jambo la ajabu linajitokeza. Ni maneno gani ya Kiswahili yanayoishia kwa ‘-ya’? Yapo majina machache, na vielezi kama “pia”. Lakini kundi kubwa kuliko yote ni vitenzi, hususan vitenzi vya kauli ya kutendea: kuletea, kupikia, kuambia, kulilia, kuvizia, kuwekea, kufia. Hiyo ndiyo hazina ambayo mshairi anachota kila anapofika mshororo wa nne. Kwa hiyo ubeti baada ya ubeti, zaidi ya mara 200, kisa kinatua juu ya kitendo ambacho aghalabu kina mtu mwingine upande wa pili: mtu amemtendea mtu.

Na kauli ya kutendea, msomaji, haina upande. Kwa kauli hiyo hiyo unamfanyia mtu wema na unamfanyia ubaya. Unamwekea mtu akiba, unamwekea mtego. Unamjia kumjulia hali, unamjia kumuua. Sarufi haikuambii nia iliyo moyoni. Inakuambia tu kwamba kitendo kimemfikia mtu. Sasa tazama mitego mitatu: kula pamoja, kucheza pamoja, kuzaliwa pamoja. Yote ni mambo ambayo watu hutendeana kwa mapenzi. Katika utendi huu, kila moja limegeuzwa likawa silaha. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Utendi umeitia methali hiyo ndani ya kina chake: umbo lile lile la kitenzi linalobeba mkate wa mama ndilo linalobeba sindano ya mwana.

Kuna msomaji atakayenikatiza hapa: “Lakini hata Mwana Kupona alitumia kina hicho hicho!” Kweli. Utendi wa Mwana Kupona wa mwaka wa 1858, mama akimuusia bintiye, unatua juu ya ‘-ya’ vilevile, nao hauna mauaji. Sawa kabisa, na hilo linanisaidia badala ya kunipinga. Mwana Kupona anamfundisha binti namna ya kuwatendea wengine: Mungu, mume, jamaa na majirani. Naye akahitaji kauli ya kutendea. Wosia unauliza tutendeane vipi. Kisa cha Liyongo kinaonyesha tulivyotendeana. Kina kimoja, maswali mawili ya jamii ile ile ya Pate na Lamu.

Asiyejificha nyuma ya ‘-wa’

Nirudi kwenye ubeti wangu wa Amina na mkate. Tuseme ninaona haya kusema kwamba mimi ndimi niliyeumega mkate wa mama. Ningeweza kuandika hivi:

mkate ukakatiwa

Hesabu: m-ka-te-u-ka-ka-ti-wa. Mizani 8, timamu. Lakini kina kimevunjika. ‘-wa’ si ‘-ya’. Na angalia kilichopotea pamoja na kina: mkataji. Mkate umekatiwa, na nani? Haijulikani.

Hii ndiyo siri ya pili, na kwangu ndiyo kubwa zaidi. Kauli ya kutendwa huishia kwa ‘-wa’. Kina cha ‘-ya’ kinaizuia isikae mwishoni mwa ubeti. Ndani ya ubeti inaweza kupita. Mishororo mitatu ya mwanzo ina vina vyake na inaweza kutua kwenye ‘-wa’ ikipenda. Lakini mlango wa kutokea umefungwa. Pumzi ya mwisho, ile inayobaki sikioni, haiwezi kusema “aliuawa”. Mara nyingi itasema fulani alifanya.

Fikiria tunavyosoma habari zetu. Watu “walipigwa risasi”. Ardhi “ilinyakuliwa”. Pesa “zilitoweka”, kana kwamba zilikuwa na miguu. Mtu “aliuawa na watu wasiojulikana”. Wanahabari wana sababu zao, na sheria ina yake, siwalaumu. Ninachosema ni kwamba sikio letu limezoea ‘-wa’, kiasi kwamba hatuulizi tena ni nani. Kumbe kuna utanzu wa kwetu, wenye karne kadhaa, ambao umejengwa kwa namna inayoelekea upande wa pili. Anayetunga kwa kina cha ‘-ya’ atalazimika kumtaja mtendaji tena na tena, hata pale ambapo angependa kunyamaza.

Ungana nami tuvitazame viambishi viwili vinavyokumbatia vitenzi vya masimulizi haya. Mbele kuna ‘ka-’ ya kusimulia, inayosema: halafu hili likafuata lile. Nyuma kuna ‘-ya’, inayosema: na likamfikia mtu. Ka- na -ya: komeo la mbele na komeo la nyuma. Hiyo ndiyo takriri ndogo kabisa ya utendi, na inarudi mara nyingi hata tunaacha kuisikia. Lakini inajenga hoja. Hakuna tendo lisilozaa jingine, na hakuna tendo lisilomwangukia mtu.

Takriri: mara tatu, na mara ya mwisho

Mwanafunzi akiulizwa kuhusu takriri, hutafuta neno lililorudiwa na kuandika: “Mshairi amesisitiza.” Amesisitiza nini? Hapo jibu hukauka. Katika utendi huu takriri kubwa zaidi si ya neno. Ni ya tukio. Kuna takriri ya ujumbe: agizo linatolewa, mtu analibeba, analifikisha, linatekelezwa. Mfalme anatuma, Liyongo anatuma, mama anajibu kwa kutuma. Kila safari inasimuliwa, na sisi tunajua maneno yanayobebwa kabla hayajafika. Hatungojei kujua kilichomo. Tunangojea kuona kama kitafika. Ndivyo takriri inavyozaa taharuki.

Na kuna takriri ya mtego. Mara ya kwanza Liyongo anaponea kwa shabaha. Mara ya pili anaponea kwa akili na kwa mama. Usambamba wa mitego hiyo miwili unamfundisha msikilizaji kutarajia wokovu: hila, halafu werevu, halafu kuponea. Mara ya tatu mwendo unaanza vile vile. Mjumbe anatumwa, anafika, anauliza. Baba anashuku, na hapo msikilizaji anajiambia: ah, atamchezea kama alivyowachezea wale wa makoma. Lakini safari hii werevu unafika na hautumiki. Baba anajua, na anasema. Takriri ingekuwa ya mapambo tu kama mara ya tatu ingefanana na zile mbili. Kazi yake yote ilikuwa kutufikisha hapa, mahali ambapo kilichorudiwa kinakataa kurudi.

Kisimani kuna takriri ya mwisho, ya mama. Anakwenda kumsihi mwanawe, anarudi. Anakwenda tena. Mji mzima una kiu na unangojea. Hakuna mtego hapa, hakuna mjumbe, hakuna hila. Kuna mama anayesema na maiti akidhani ni mtoto aliyekasirika. Ile kauli ya kutendea iliyotumika kwa usaliti mara tatu sasa inarudi mikononi mwa mtu ambaye hakuwahi kuitumia vibaya: aliyempikia sasa anamlilia. Mdundo ni ule ule wa mizani 8. Na safari hii, kwa sababu haubadiliki, unauma zaidi kuliko kama ungepasuka kwa kilio.

Gharama yake

Sitaki nionekane mtu aliyependa hata chongo akaita kengeza. Umbo hili lina gharama. Mizani 8 inabana, na mahali pengine utendi unajazia. Utaona mshororo wa pili na wa tatu vikisema jambo moja kwa maneno mawili, moja la Kibantu na jingine la Kiarabu, ili tu nafasi ijae na kina kipatikane. Tendi zote zina beti za namna hiyo, na huu haukuepuka. Aidha, ubeti wa mizani 32 hauna chumba cha mtu kukaa na kuwaza. Mwana muuaji ningependa kumjua zaidi; umbo linamsukuma mbele kabla sijamtazama usoni. Riwaya ingempa sura nzima.

Ndiyo maana siwaoni wale waliotoroka vina na mizani kuwa wahaini. Sheikh Kaluta Amri Abedi alipochapisha sheria zake za kutunga mashairi mwaka wa 1954, na Euphrase Kezilahabi alipotoa Kichomi mwaka wa 1974 kwa mashairi yasiyofuata sheria hizo, tulizozana miaka mingi kuhusu nani ni mshairi na nani si mshairi. Mzozo ule ulikuwa na faida zake, lakini ulituachia tabia moja mbaya. Tulianza kuviona vina na mizani kama ua la kutenga waliomo na wasiomo. Upande mmoja ukalilinda ua, upande wa pili ukalivunja, na wachache wakauliza: ndani ya ua huu, kina hiki mahususi kinafanya nini katika shairi hili mahususi? Darasani tukarithi ua bila shamba.

Deni

Walimu wenzangu wataniuliza: haya yote yatafundishwa lini, na silabasi ndiyo hii, na wanafunzi ni 60 darasani? Ni swali la haki. Silazimishi mtu aache kuhesabu. Kuhesabu ni lazima. Asiyejua mizani ni 8 hawezi kusikia kwamba haikubadilika mwana alipochukua sindano. Naomba tu tuongeze dakika tano baada ya kuhesabu. Tuulize: kina hiki kinaleta maneno ya aina gani mwishoni mwa ubeti, na kinazuia yapi? Kipimo kinabadilika wapi, na kama hakibadiliki, kinatutuliza tusione nini? Kilichorudiwa kinarudi vile vile, au mara ya mwisho kinakataa?

Ningekuwa na nafasi ya kurudi katika lile darasa, msichana yule akiuliza “hayo yote ni ya nini,” ningemwambia: shika chaki, njoo ubaoni, andika “Liyongo aliuawa”. Sasa jaribu kukifunga ubeti kwa neno hilo, kina kikiwa ‘-ya’. Ningemwacha ahangaike kidogo. Angegundua mwenyewe kwamba hawezi, na kwamba ili ubeti ufunge, atahitaji kumtafuta aliyemwendea Liyongo usiku ule na sindano ya shaba mkononi.